Amri iliyozeeka njiani

Hadithi nyingi za vita vya nyota nilizosoma na kuangalia zina kioo. Kamanda yuko upande wa pili wa galaksi, meli zake zinaungua, mara rais anatokea kwenye kioo, ametulia, kola imenyooka, anatoa amri. Kamanda anajibu papo hapo. Wanagombana, na mmoja anamkatia mwenzake simu. Kioo hicho kimenikera kwa muda mrefu. Sasa naandika riwaya yangu mwenyewe, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya nyota, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kukivunja. Katika riwaya yangu hakuna habari inayoupita mwanga mbio.

Wenzangu wa hapa Lubumbashi, wale ninaowasomea sura zangu jioni tukiwa tumekaa Kamalondo, hawakupenda. Walitaka wamwone mkubwa akimfokea mdogo. Mmoja akasema hivyo si vita, wenye kuamuru na wenye kupigana hawasikilizani. Nikamwambia aulize vizuri nyumbani kwao, maana katika mji huu hakuna ukoo usio na mtu aliyepigana vita vya namna hiyo.

Nianze na mwanga, kwa sababu ndio unaonilisha. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza parabole, zile antena za sahani za setilaiti, kwenye kambi za migodi, kuanzia Likasi hadi Kolwezi. Setilaiti tunazozielekea zimekaa juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786. Sauti ikipanda na kushuka inachukua kama robo ya sekunde. Swali na jibu lake, nusu sekunde. Utasema nusu sekunde ni nini. Basi msikilize bosi aliyeko mjini akiongea kuhusu grupu, yaani jenereta, na kijana wa kambini asiyeizoea laini hiyo. Bosi: "Grupu ya kwanza inazunguka?" Kimya. Bosi hana subira, anaongeza: "Ya pili umeizima?" Hapo hapo linamfikia "ndiyo", na anafurahi. Lakini ndiyo ile ni ya swali la kwanza. Grupu ya pili iko inanguruma na kunywa mafuta, na kesho yake kutakuwa na barua ya kujieleza. Nimesimama pembeni na bisibisi mkononi nikiwasikiliza watu wawili wanaoheshimiana wakiitana waongo. Hakuna aliyedanganya. Majibu yalikuwa ya kweli ila yalikaa kwenye maswali yasiyo yake.

Sasa vuta huo umbali. Kutoka duniani hadi mwezini ni sekunde 1.3. Mars, kutegemea imekaa upande gani wa jua, ni kati ya dakika 3 na 22. Proxima Centauri, nyota ya karibu kuliko zote ukiacha jua letu, ni miaka 4.24. Kamanda aliyeko huko akiuliza serikali yake "nipige au nisipige?", jibu litamkuta baada ya miaka minane na nusu, na litakuwa limeandikwa na mtu asiyejua ni nini kimetokea kati ya swali na jibu. Na kama kamanda mwenyewe alisafiri kwa asilimia 90 ya mwendo wa mwanga, safari hiyo kwa waliobaki ni miaka kama 4.7, kwake ni kama miwili tu. Aliowaapia wamezeeka kumzidi kabla hajafungua begi.

Watu wa NASA wanaishi na jambo hili tayari, kwa kiasi kidogo. Julai 2023 walituma amri yenye kosa kwenye chombo cha Voyager 2, kikageuza antena yake digrii mbili tu kando ya dunia, kikawa hakisikii wala hakisikiki. Wakakipigia kelele kwa mtambo wao mkubwa wa Australia: amri ilitumia saa 18 na nusu kufika, na ilibidi wasubiri saa 37 kujua kama imesikika. Ilisikika. Lakini kilichonivutia mimi ni hiki: hata isingesikika, chombo kilikuwa na agizo la kudumu tumboni mwake la kujipanga upya na kuitafuta dunia tarehe 15 Oktoba. Waliokiunda mwaka 1977 walijua siku itafika ambapo mkubwa atakosea, na wakamwachia mdogo namna ya kumrudia bila kuomba ruhusa.

Hilo ndilo swali la riwaya yangu. Unamwachia kamanda nini tumboni? Ukimwachia kidogo, atakaa anasubiri barua huku watu wake wanakufa. Ukimwachia kingi, umeshampa ufalme.

Mwaka 1918 kulikuwa na jeshi mashariki mwa hapa lililokuwa linaishi hivyo hivyo. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani, na askari wake walikuwa wamekatwa na Berlin, wanazunguka porini, wanakula wanachokiteka. Vita vilikwisha Ulaya tarehe 11 Novemba. Wao walikuwa bado wanasonga mbele Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia. Habari iliwakuta mtoni Chambeshi, na wakaweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25. Siku zile za katikati ni vita gani? Mfalme aliyewatuma alikuwa ameshakimbilia Uholanzi. Nchi yao ilikuwa tayari jamhuri. Aliyekufa tarehe 12 alikufa kwa ajili ya nani? Maji ya Chambeshi, kwa wasiojua, yanaingia Bangweulu, yanatoka yakiitwa Luapula, yanapita Mweru, yanakuwa Luvua, yanamwagika Lualaba. Ni maji yetu. Nitarudi kwenye Luvua.

Lakini kuna mfano wa karibu zaidi, na huu naupita kila ninapokwenda kazini: daraja la Lufira, njia ya Likasi. Mwanzoni mwa Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yanatoka hapa, wakati huo Élisabethville, kwenda kumaliza kazi ya kuirudisha Katanga, jimbo letu lililojitenga 1960, ndani ya Kongo. New York ilikuwa imewaahidi wakubwa wa Magharibi kwamba jeshi litasimama kwanza, diplomasia ipewe nafasi. Brigadia Noronha, Mhindi, alifika Lufira, akakuta madaraja yamevunjwa, akavusha watu wake hivyo hivyo, na tarehe 3 wakaingia Jadotville, yaani Likasi. Ujumbe wa kumsimamisha ulichelewa. Ralph Bunche, ofisa mkubwa wa Umoja wa Mataifa, akapandishwa ndege kutoka New York kuja kuuliza nani aliamuru nini, na alichokuta ni mawasiliano yaliyolegea kati ya New York, Léopoldville (Kinshasa ya leo) na uwanjani.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara natabasamu, kwa sababu kuvuka kule kulifanikiwa. Karibu hakuna upinzani, na ndani ya wiki tatu utengano ulikwisha. Mkubwa aliyedharauliwa alikuwa na kila sababu ya kushukuru. Fikiria risasi zingerudi kwa wingi pale mtoni: Noronha leo angekuwa mfano vyuoni wa ofisa aliyeasi. Ucheleweshaji, basi, si adhabu tu kwa kamanda. Ni mlango pia. "Amri haikunifikia" ni maneno ambayo mwenye cheo anaweza kuyahitaji, na katika sura ya nne ya riwaya yangu nimempa afisa mawasiliano kazi ya kuamua lini redio imeharibika.

Msomaji wangu mmoja, mwalimu, akaniuliza: na kama simu ingekuwa nzima? Je, utii ungekuwa mzima? Nikabaki na swali hilo, na jibu langu ni Septemba 1960. Tarehe 5 jioni, Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba. Jioni hiyo hiyo Lumumba akaingia redioni akatangaza kwamba amemwondoa Kasa-Vubu. Tarehe 14 Mobutu, aliyekuwa mnadhimu mkuu wa jeshi, akatangaza amewasimamisha wote wawili. Jioni hizo redio ilikuwa inafanya kazi vizuri sana. Askari aliyekaa Kisangani au Kananga alisikia kila neno, siku hiyo hiyo, na asijue bado yeye ni wa nani. Jenerali Lundula, aliyekuwa mkuu wa jeshi, aliishia upande wa wafuasi wa Lumumba huko Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Mwanzoni mwa 1961 nchi ilikuwa na serikali nne: Léopoldville, Stanleyville, hapa kwetu, na Bakwanga ya Kalonji, leo Mbuji-Mayi. Kila moja na muhuri wake, kila moja ikiwaita wengine waasi.

Kwa hiyo katika riwaya mji mkuu una serikali mbili, na zote mbili zina funguo za siri za kuthibitisha amri, kwa sababu ofisi ilivunjika katikati na kila kundi likaondoka na nakala. Kamanda wangu anapokea amri mbili halali zinazopingana, zimeachana miezi mitatu. Ya kwanza kufika ni ya serikali ambayo huenda imeshaanguka. Ya pili ni ya serikali ambayo huenda haikudumu.

Na chini yake kuna mabaharia. Hapa waandishi wa nyota huwa wavivu. Wanadhani manahodha wakikubaliana, meli imekubali. Force Publique, jeshi tulilorithi kwa wakoloni, ilikuwa na watu kama 25,000 siku ya uhuru, na hakuna Mkongomani hata mmoja aliyekuwa ofisa. Tarehe 5 Julai 1960 Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wao, aliwakusanya akawaandikia ubaoni: kabla ya uhuru = baada ya uhuru. Jioni hiyo utii ulikuwa umeshaanza kubomoka, na baada ya siku chache uasi ulikuwa umefika kwenye kambi ya hapa mjini. Tarehe 11 Tshombe, kiongozi wa jimbo hili, akatangaza Katanga imejitenga. Sitaki kusema ubao ule ndio uliozaa utengano. Union Minière, ile kampuni ya migodi, Wabelgiji na hesabu za shaba vilikuwepo tayari. Ila nimeuchukua ubao mzima mzima nikauweka kwenye meli: maofisa waliozaliwa kwenye sayari mama, mabaharia waliozaliwa safarini, na hotuba ya uhuru iliyowafikia kwa miaka yake minne, ikifuatiwa na mkubwa mmoja anayeeleza kwamba zamu za kazi hazitabadilika.

Nije kwa nkambo. Alikuwa kaka wa bibi yangu, jandarma wa Katanga, yaani askari wa jeshi la Tshombe, na ameshatutoka. Historia ya watu wake iko wazi kwenye vitabu, lakini ukiisoma haraka unapata kizunguzungu. Januari 1963 utengano umekufa, wengi wanavuka Angola. Julai 1964 Tshombe, yule yule, anarudi kama waziri mkuu wa Kongo nzima, anawaita, na wao walioitwa waasi jana wanatumwa kuwapiga waasi wa Simba. Tshombe anaondolewa, Julai 1966 jandarma wanaasi Kisangani. Mwaka uliofuata wanaasi tena pamoja na mamluki, wanaishia kuishika Bukavu tangu Agosti hadi Novemba. Waliobaki Angola wanawafanyia kazi Wareno, wakoloni wa huko. Mwaka 1969 Tshombe anafia kifungoni Algeria. Mwaka 1975 Wareno wanaondoka, na jandarma wanasimama na MPLA, wapigania uhuru wa Angola ambao walikuwa adui wa Wareno. Machi 1977 wanaingia Shaba, jina ambalo Katanga ilikuwa imepewa wakati huo. Mei 1978 wanaingia Kolwezi, Wafaransa wanarusha wanajeshi kwa miavuli tarehe 19. Mwaka 1997 watoto wao, "Tigres", wanarudi pamoja na jeshi la Kabila.

Mwanahistoria wa mezani atasema: watu wasio na msimamo. Nkambo alirudi nyumbani Katuba baada ya msamaha wa 1978, na mimi nikiwa kijana nilimwuliza swali hilo hilo, kwa adabu kidogo. Alikuwa amekaa anasubiri bukari, ugali wetu, akanyoosha vidole akaanza kuhesabu, lakini hakuhesabu viongozi. Alihesabu pesa. Franka ya Katanga, ile yenye msalaba wa shaba. Franka ya Kongo. Escudo ya Wareno. Kwanza ya Angola. Zaire. "Mwana," akasema, "sura ilikuwa inabadilika, njala hapana."

Nikamwambia: lakini nkambo, mlikuwa mnapigania nani sasa? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Shiye hatukukimbia. Balitwambiaka tungoje kule, njo tulingoja."

Nani aliwaambia? Serikali ambayo mwisho wake ulitangazwa Januari 1963. Hakuna aliyekuja baadaye na cheo cha kutosha kuwaambia "basi, kungoja kumekwisha". Walibadilisha mabwana, wakabadilisha lugha ya amri kutoka Kifaransa kwenda Kireno, na ukiwatazama kwa karibu walikuwa upande mmoja tu muda wote: upande wa kurudi nyumbani. Kila bwana mpya alipimwa kwa hilo. Je, huyu anaelekea Lualaba? Twende naye. Sisemi walikuwa watakatifu. Kolwezi 1978 raia waliuawa, weusi na weupe, na kuna familia hapa mjini ambazo hazitaki kusikia neno jandarma. Nkambo mwenyewe habari ya Kolwezi alikuwa anairuka, na mimi sikumlazimisha.

Kundi la meli katika riwaya yangu limetokana nao. Linabadilisha bendera mara kadhaa na kila upande unaliita la wasaliti. Wasomaji wangu wamegawanyika vibaya. Mwalimu analiona kama kundi la mamluki waliojipatia kisingizio. Fundi mwenzangu wa parabole, ambaye baba yake alikuwa jandarma pia, hajafurahi neno mamluki na aliondoka jioni hiyo bila kumaliza bia yake. Mimi nipo katikati, nikiegemea kwa fundi.

Kitu kingine ambacho Katanga imenifundisha ni kutochora ramani kwa rangi mbili. Kwenye hadithi, sayari hii ni ya waasi, ile ni ya serikali. Mwaka 1960 Katanga ya kaskazini, Wabaluba wa Jason Sendwe, waliukataa utengano wa Tshombe kwa silaha. Hapa hapa mjini, 1961, makumi ya maelfu ya Wabaluba walijaa kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, kilomita chache kutoka ofisi za nchi iliyosema inawapigania Wakatanga. Na utengano ukawa na waliojitenga nao. Halafu 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa na wasioijua Kasai, walifukuzwa na kupakiwa kwenye treni. Bibi yangu mzaa mama ni wa upande huo. Kaka wa bibi yangu mzaa baba alikuwa jandarma. Sikukuu zetu zina mada ambazo hazifunguliwi hadi wazee wakalale. Kwa hiyo sayari yangu ya waasi ina kaskazini yake.

Luvua, niliahidi. Wenzangu wananicheka kwamba Mkongomani kuandika habari za roketi ni kuota. Basi wajue: tarehe 17 Mei 1977 kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka kwenye uwanda ulio juu ya mto Luvua, kaskazini mwa Katanga, katika eneo la kilomita za mraba 100,000 walilopewa na Mobutu. Wakarusha mbili tena 1978. Ya mwisho ilianguka Mobutu akiwa anatazama. Mwaka uliofuata akawafukuza. Angalia tarehe vizuri. Roketi ya kwanza ilipaa wakati vita vya Shaba vya 1977 vilikuwa vinaelekea kwisha, na Voyager zikaondoka duniani Agosti na Septemba mwaka huo huo. Vita vya utii uliogawanyika na roketi, jimbo moja, miezi hiyo hiyo.

Kilichobaki kunisumbua ni vidole vya nkambo. Mshahara. Amri inasafiri kwa mwendo wa mwanga, lakini chakula, vipuri na pesa vinasafiri na meli, na meli ni nzito. Wale askari wa Lettow, mishahara yao iliyobaki, bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuilipa mwaka 1964. Miaka 46. Inasimuliwa kwamba aliyefika bila cheti alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Wazee wale walikuwa bado wanaikumbuka lugha ya amri ya nchi iliyokwisha badilika jina na mipaka. Hapa kwetu, Oktoba 1991, askari wasiolipwa walipora mji huu, mwezi mmoja baada ya wenzao wa Kinshasa. Hakuna aliyewaamuru. Amri zote zilizokuwepo zilisema wakae kambini.

Fundi mwenzangu amerudi, ametununia kidogo lakini amerudi, na ndiye aliyelifungua fundo hili. Akasema: kamanda wako hana haja ya kuchagua kati ya serikali mbili, anachagua kati ya kulisha na kutolisha. Miaka minne bila mshahara, atajitegemea, kile kifungu cha kumi na tano cha utani wetu hapa Kongo: jitafutie mwenyewe. Ataweka vizuizi. Kila meli ya mizigo inayopita kati ya nyota italipa, na atawapa risiti yenye muhuri wa serikali, yoyote kati ya zile mbili, ile ambayo mwenye meli anaipenda zaidi.

Nimeandika sura hiyo kwa usiku mmoja. Kuna kizuizi cha ushuru kwenye mzunguko wa sayari ya tatu, na sajini ana mihuri miwili kwenye droo moja. Fundi ameshaomba sajini huyo apewe jina lake, na apandishwe cheo kabla ya sura ya tisa.